M ya Mshazari

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi na mzee wetu, kwenye ratiba mliyopewa mlangoni historia hii imetengewa dakika tano, familia inaomba mtuvumilie zikizidi, kwa kuwa lipo jambo moja lililokaa miaka ishirini na minane bila kusemwa, na msomaji wenu, ambaye ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pili, hana mahali pengine pa kulisemea.

Mzee wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Unywele kuliko jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, baba yake akiwa mkaguzi wa magurudumu ya treni na mama yake mshona nguo. Alikuwa akisimulia kwamba alijifunza kusikia kabla ya kujifunza kusema sawasawa, maana baba yake alikuwa akimbeba hadi kwenye mabehewa yaliyoegeshwa, akagonga gurudumu kwa nyundo na kumuuliza, "Huyu mzima au mgonjwa?", naye akajibu kwa kutikisa kichwa, na inasemekana tangu afike miaka sita hakukosea hata mara moja.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia Januari 1955 hadi 1962, akakaa nyumbani miaka miwili kwa sababu ya afya ya baba yake, kisha akajiunga na chuo cha ufundi Januari 1965 na kuhitimu Novemba 1967 katika ufundi wa umeme na redio, akiwa wa kwanza kwa vitendo na wa pili kutoka mwisho kwa maandishi. Kuandika hakukuwa kipaji chake, mahali panapotaka sentensi yeye aliweka neno, na mahali panapotaka neno aliweka herufi, walimu wakamwonya kwamba ubahili huo wa wino ungemletea matatizo, na waliyosema yakatimia.

Siku ya Jumanne tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa na kituo cha redio kama fundi msaidizi katika chumba cha mashine, ghorofa ya chini, dirisha moja lililotazama ukuta, mashine tano za kurekodi za tepu za rili, kila moja nzito kama jiko la chuma. Kwa wale ambao hawakuwahi kuziona, ndani ya mashine hiyo mna kipande kidogo cha chuma kinachoitwa kichwa, ndicho kinachoandika sauti kwenye tepu na ndicho kinachoisoma, nacho hutakiwa kusimama wima kabisa mbele ya tepu inayopita, kikiinama kidogo tu sauti nyembamba hupotea, mtu akisema "sisi" unasikia kama amejifunika blanketi. Kazi ya marehemu ilikuwa kuhakikisha vichwa hivyo haviinami, na kila Jumatatu kabla ya matangazo ya asubuhi alifuata utaratibu ule ule, alipangusa njia yote ya tepu kwa pamba na spiriti, akaondoa usumaku kwa kifaa alichokisogeza polepole na kukirudisha nyuma polepole zaidi kama mtu anayeondoka kwenye kitanda cha mtoto aliyelala, akapima mwendo wa rili kwa alama ya chaki na saa yake ya mkononi, kisha akaweka tepu ya kipimo, ambayo haina kitu ila mluzi mmoja mwembamba, na kuzungusha skrubu ndogo pembeni ya kichwa hadi mluzi ung'ae na mshale wa mita usimame juu kabisa. Wenzake walipomwambia inatosha, twende tukanywe chai, jibu lake lilikuwa moja tu, "Bado unywele," na hapo ndipo jina lilipotoka, likamganda hata alipoanza kupata upara akiwa na miaka ishirini na saba, watangazaji wakasema nywele zake zote amezimaliza kwenye vipimo.

Novemba 1972 alishuka katika chumba hicho msomaji wa vipindi vya shule, dada mmoja ambaye watoto wa nchi nzima walimwita Mama Imla hata kabla hajawa mama wa mtu, naye siku hiyo alikuwa akilia kwa hasira, kwani ameambiwa "s" zake ni mbovu na atahamishiwa kupiga chapa. Marehemu hakumpa pole, alichukua rili yake, akashughulika na mashine kwa dakika ishirini, akamsikilizisha sauti yake mwenyewe ikiwa safi, akamwambia, "Dada, kosa si lako, ni la kichwa," naye akauliza, "Kichwa cha nani?", na katika miaka yote ya ndoa yao hadithi hiyo ilisimuliwa mezani kwetu kila alipofika mgeni, Mama Imla akimalizia kwamba katika maisha yake huyo ndiye mwanamume wa kwanza kumwambia kosa si lake, asingemwacha aende zake.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi tarehe 6 Aprili 1974 na kujaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa mwaka 1975, binti anayewasomea mwaka 1978, na kitinda mimba mwaka 1983, na marehemu ameacha wajukuu sita. Ndoa yao ilikuwa ya utani mwingi na ugomvi mmoja tu usiokwisha, kwani fundi akishamaliza kurekebisha skrubu ile huifunga kwa tone la rangi ili isilegee, na rangi iliyofaa kuliko zote ilikuwa rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, Mama Imla akilalamika kwa majirani kwamba ameolewa na mwanamume anayezipaka kucha mashine huku mkewe akienda kazini na vidole vitupu.

Tunafika sasa kwenye jambo lenyewe. Mwezi Januari 1979 tepu ya kipimo, ile halisi iliyotoka kiwandani, iliazimwa na Mkuu wa Ufundi wa wakati huo, ikarudi imerekodiwa muziki wa harusi ya mtu, na badala ya kuagiza nyingine marehemu alipewa nakala iliyokuwa imetolewa kwenye mashine ya stoo ambayo haikuwahi kurekebishwa. Jumatatu ya kwanza tu aliisikia, akapanda ghorofa ya pili na kusema kwamba kipimo kimeinama, akirekebisha mashine kwa kipimo hiki zote zitainama, Mkuu akamjibu kwa maneno ambayo marehemu aliyakariri maisha yake yote, wakati mwingine akicheka na wakati mwingine hapana, "Unywele, zikiinama zote pamoja, hakuna iliyoinama." Na kwa kweli ndani ya jengo lile Mkuu hakuwa amekosea, kilichorekodiwa kwa kichwa kilichoinama na kusomwa kwa kichwa kilichoinama vilevile kilisikika safi, ni kama watu wawili walioinamisha shingo kusoma barua iliyoshikwa upande, taabu ingeanza siku atakapokuja mtu mwenye shingo iliyonyooka. Marehemu alitii, kwa kuwa alikuwa mtumishi, lakini kwenye kila sanduku la rili iliyorekodiwa tangu siku hiyo aliandika kwa penseli herufi moja mgongoni, M, yaani mshazari, ili fundi atakayekuja ajue kwamba sauti iliyomo imelala upande, ainamishe kichwa kwanza ndipo aisikilize.

Aliandika herufi hiyo kwa miaka kumi na minne. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na hotuba, michezo, kwaya, na karibu kila somo la imla ambalo Mama Imla aliwahi kulisoma.

Mwaka 1993 kilikuja kizazi kipya cha mafundi na tepu mpya ya kipimo kutoka kiwandani, mashine zote zikanyooshwa kama zilivyotakiwa kunyooshwa, na mara maktaba nzima ikaanza kusikika kama watu wanaoongea ndani ya gunia. Iliundwa kamati. Kamati iliona kwamba masanduku 3,480 yenye sauti mbaya yote yana herufi M, ikajiuliza M ni nini, na katika chumba kizima cha watu wasomi hakuna aliyepata neno lingine isipokuwa "mbovu", wakahitimisha kwamba fundi mwenyewe alijua anaharibu, akaweka na alama, na hakumwambia mtu. Marehemu aliitwa na kueleza, akaomba kitu kimoja tu, iinamishwe tena mashine moja, na akajitolea kuileta yake ya nyumbani, iliyotolewa kazini kama chakavu mwaka 1985 na ambayo bado ilikuwa na mshazari ule ule, awachezee sanduku lolote watakalochagua wao. Mwenyekiti alimwambia kwamba kamati haikuja kusikiliza, imekuja kuamua. Mkuu wa Ufundi alikuwa mjumbe na hakufungua kinywa. Barua ya tarehe 9 Juni 1994 ilimstaafisha marehemu akiwa na miaka arobaini na saba, ikitaja uzembe, na wiki iliyofuata masanduku yalichomwa katika shimo nyuma ya banda la jenereta, kwa siku tatu moshi mweusi ukielea juu ya maegesho ya magari, na Mama Imla, aliyekuwa bado kazini, alirudi nyumbani siku zote tatu sauti yake ikiwa imeganda kwenye nguo zake.

Mkuu huyo yupo nasi leo, tumemwona, tunamshukuru kwa kufika ilhali miguu yake haimruhusu tena kusafiri ovyo. Familia haikusimama hapa kumhukumu, alikuwa na watoto wanne shuleni na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu, na kunyamaza ni kitu ambacho mtu hukifanya kwa dakika moja kisha kikamfanya yeye kwa maisha yake yote. Tena tuna sababu nyingine ya kutomhukumu, ambayo ni sisi wenyewe.

Maana barua ile ililetwa nyumbani, na watoto wa marehemu waliisoma. Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, binti huyu kumi na sita, shuleni wenzake walimwuliza kama ni kweli baba yake ndiye aliyefuta redio, na alipomwuliza mzee, mzee alisema, "Waliosoma wameshasoma," akaenda kupangusa mashine yake. Mama ndiye aliyekuwa akisema, na alisema hadi anafariki kwa shinikizo la damu tarehe 21 Agosti 1996, "Kosa si la baba yenu," lakini watoto waliyachukua hayo kuwa maneno ya mke, na mke atasema nini. Binti huyo baadaye alisomea ukutubi, amefanya kazi maisha yake yote kati ya masanduku yenye herufi migongoni, na hakuwahi kurudi kwa baba yake kumwuliza M ilikuwa nini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, hawakusema kwamba kinaweza kukula kwa heshima na adabu, kikikuletea dawa na maziwa kila Jumapili.

Kuanzia Septemba 1994 hadi 2015 marehemu alitengeneza redio na pasi za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mteja akimtania, "Mzee, usije ukanifutia," naye akicheka pamoja naye, na jioni ya kila Jumapili alifunga mlango, akapangusa kichwa cha mashine yake, akaondoa usumaku, na kucheza mojawapo ya rili tatu za imla alizokuwa amezinakili nyumbani mwaka 1987, zote zikiwa na M migongoni, ndizo pekee za Mama Imla zilizobaki duniani. Hakuhitaji kuigusa ile skrubu, ilikuwa imefungwa kwa tone jekundu na mkewe mwenyewe, kwa mkono wake.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, wa kushoto ukafuata, na tarehe 4 Novemba 2019 alianguka bafuni, akavunjika nyonga na kulazwa siku ishirini na tatu. Watoto wake waliona wamfanyie jambo la kumfurahisha akirudi. Walimtafuta fundi hodari, kaka akagharamia, binti akasimamia, fundi akaisafisha mashine ikang'aa, akabadilisha mkanda na gurudumu la mpira, akaweka tepu yake ya kipimo na kutikisa kichwa, akasema, "Ya mzee ilikuwa imepotoka sana hii," akalibandua tone la rangi kwa ncha ya bisibisi, na kukinyoosha kichwa. Fundi yule hakufanya kosa lolote, alifanya alichofundishwa, na binti alimshikia tochi.

Marehemu alirudi, akaketi, akawasha, na mkewe akaanza kuongea kutoka ndani ya blanketi. Akauliza, "Nani kanyoosha?", tukajibu kwa pamoja kama watoto wa shule, "Sisi, baba, tumekutengenezea," naye akasema, "Ahsanteni, wanangu."

Alijaribu mwenyewe, tuliiona bisibisi juu ya meza, lakini mikono ile haikuweza tena kukaa juu ya skrubu, sembuse kuizungusha kwa unywele. Kisha akaanza kutuambia kwamba hasikii vizuri, binti akampeleka kwa daktari wa masikio Februari 2020, masikio yakapimwa na kuonekana mazima kwa umri wake, naye akamwambia daktari, "Masikio hayana kosa, mwanangu, ni kichwa, wamekinyoosha," binti akamnong'oneza daktari kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, daktari akaandika hivyo kwenye kadi na kumpa rufaa kwa daktari wa akili. Tangu siku hiyo kila alipofungua mdomo kuhusu kichwa, mshazari, kuinamisha, tulimfunika shuka vizuri na kumwambia kwa upole, "Sawa baba, pumzika." Aliendelea kupangusa mashine kila Jumapili kwa mikono ile, pamba ikimwanguka, na kukaa mbele yake, na mwaka wa mwisho hakuiwasha kabisa.

Mwezi Agosti mwaka huu alipata homa ya mapafu, akatibiwa akapata nafuu, ikamrudia tarehe 2 Oktoba, na siku ya Jumanne tarehe 11 Oktoba 2022, saa nne na robo asubuhi, alituaga akiwa kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mitano, miezi sita na siku ishirini na saba.

Siku iliyofuata binti yake alifungua droo ya vifaa kutafuta kitambulisho cha marehemu kwa ajili ya cheti cha kifo, chini ya chupa kavu ya rangi ya kucha akakuta daftari la kazini, na ukurasa wa tarehe 5 Februari 1979 umeandikwa maneno mengi kuliko yote ambayo mzee aliwahi kuyaandika mahali pamoja: "Kipimo ni nakala, kimeinama. Nimemwambia Mkuu. Kasema nifuate, nafuata. M ni mshazari. Atakayekuja: robo mzunguko kasoro unywele, kinyume cha saa, ndipo usikilize." Majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume, na kwetu yalikuja kinyume cha saa.

Jana alasiri tulifanya kama alivyoandika, kaka akashika tochi, binti akashika bisibisi, ilituchukua karibu saa nzima, mara ya kwanza tukapita na mara ya pili hatukufika, kisha chumba kikajaa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia ikiwa safi tangu tukiwa vijana, "s" zote zimo, mama yetu akisema, "Kaeni sawa. Nitasoma mara mbili tu. Asiyesikia sasa asiniulize baadaye." Kaka alitoka nje. Ilihitaji watu wawili wenye mikono mizima na swali moja, baba yetu alikuwa na watu hao kwa miaka mitatu, swali ndilo alilolikosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu marehemu tangu alipovunjika nyonga hadi siku yake ya mwisho, pamoja na daktari wa masikio, ambaye aliandika alichoambiwa na sisi, inawashukuru majirani waliomwinua bafuni na waliotuletea viti na maturubai wiki hii, wateja wake wa chumba cha mbele, na wafanyakazi wa kituo cha redio, wa zamani na wa sasa, ambao tunawaomba kitu kimoja, barua ya tarehe 9 Juni 1994 bado imo katika faili lake, hatuombi ichanwe, tunaomba mtu achukue penseli na kuandika pembeni yake neno moja kwa ukamilifu, mshazari.

Na wewe, Unywele, neno tunalotakiwa kumalizia nalo tulishakwambia mara nyingi mno, kila ulipotaka kusema, leo ndiyo mara ya kwanza tunalisema tukiwa tumekusikia. Kosa halikuwa lako, baba, kilichopinda kilikuwa kipimo. Pumzika kwa amani.